Leso Kwenye Pipa

Milcah wa chumba cha mwisho aliapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Alikuwa anatoka kuchota maji bombani, asubuhi, mvua inanyesha ile ya kuloanisha hadi mifupa, na hapo ndipo alipomwona Nabalayo, mke mpya wa Owino, amemfunga yule mtoto mlemavu kwenye pipa la chuma. Amemfunga kwa leso, kiunoni, fundo limekazwa nyuma kama la mbuzi anayepelekwa sokoni. Mtoto analimishwa! Miguu haina nguvu ya kufukuza hata nzi, jamani, lakini analimishwa. Na mama wa kambo amekaa mlangoni, mikono mapajani, anatazama tu kama mtu anayengoja uji upoe.

"Nikamwambia, wewe binti wa watu, unamfanya nini mtoto wa marehemu?" Milcah alisema. "Mnajua alinijibu nini? Hakunijibu. Alicheka."

Hivyo ndivyo alivyosimulia pale bombani, na kila ndoo iliyojaa ilimkuta ameongeza kidogo. Haikupita wiki, habari ikapanda treni. Gadi mmoja wa treni, mtu wa kwao Owino huko Ahero, aliibeba hadi Kisumu, kutoka Kisumu ikatembea kwa miguu, na ilipofika kwa mama mzazi wa Owino, pipa lilikuwa limekuwa gereza na ile mvua imekuwa mvua ya mawe.

Kweli ni kwamba pipa lilikuwepo, na leso ilikuwepo. Mvua ilinyesha. Na kucheka, Nabalayo alicheka. Ila Milcah alikuwa ameyashona vibaya.

Nabalayo alikuwa ametoka Kimilili kuja kuolewa pale Nakuru, katika laini za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mwaka mmoja baada ya mke wa kwanza wa Owino kuzikwa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kijaluo cha mumewe kilimpiga chenga, kwa hiyo nyumbani mwao walizungumza Kiswahili, na hata hicho alikitumia kwa kupima, kama chumvi. Watu wa laini walisema ana maringo. Hakuwa na maringo. Alikuwa tu mtu wa kutazama kwanza.

Na mtu ambaye Nabalayo alimtazama kuliko wote alikuwa Akelo, binti wa marehemu aliyemkuta pale. Akelo alikuwa ameshajifunza kuruka kamba wakati ile homa ya kupooza ilipopita mjini ikichagua watoto nyumba hadi nyumba. Ilimwachia uhai na mdomo, ikachukua miguu. Hospitalini walimpa viatu vizito vyenye vyuma ubavuni na mikanda ya ngozi inayofungwa juu ya magoti. Kwa vyuma hivyo aliweza kusimama, mradi mikono yake imeshika kitu. Akiachilia, chini. Basi ikawa hivyo: ama asimame na mikono isifanye kitu, ama aitumie mikono akiwa amekaa.

Mwaka ule upepo wa ziwani ulikuwa umeleta vumbi jeupe mpaka likaingia kwenye unga. Halafu wingu jeusi likapanda juu ya mlima Menengai, likakaa pale kama linafikiri, likashuka. Kesho yake kila mtoto wa laini alikuwa nyuma ya jikoni na kijiti na kopo, anachimba. Akelo alikuwa mlangoni, juu ya gunia.

"Mama Nabalayo, na mimi nitapanda wapi?"

Mbegu zilikuwepo. Mwanamke wa Kikuyu aitwaye Wangu, jirani wa chumba cha pili, kabla watu wa kwao hawajapakiwa kwenye malori ya serikali wakaondolewa mjini, alimwachia Nabalayo kopo la maharagwe akamwambia, "Haya usiyapike." Nabalayo hakuyapika. Siku ile alilitoa kopo chini ya kitanda, wadudu wameshakula kiasi chake, akambeba Akelo mgongoni mpaka nyuma ya jikoni, akamlaza kwa tumbo kwenye udongo wenye maji. Hakujua namna nyingine. Akelo alijivuta kama mjusi. Matope yaliingia kwenye vyuma, mikanda ikamkata, na jioni magoti yake yalikuwa yametoka damu. Usiku huohuo kuku wa watu walichimbua mashimo yote, zikabaki mbegu chache tu kwenye kopo.

Owino alipotoka karakana ya reli aliyaona yale magoti. Alikula, akanawa mikono, akalala. Lakini siku ya mapumziko yake walikuja, yeye na mwenzake Omolo, wanasukuma pipa kuukuu la lami barabarani, watoto wote nyuma yao wanapiga kelele kama kwamba ni arusi. Walilipasua kwa urefu kwa patasi na nyundo. Wakalitoboa chini kwa msumari. Nabalayo alimsimamisha Akelo ukutani, akaweka alama ya makaa pale kiwiko chake kilipofika, na wanaume wakapanga mataruma mabovu, yale magogo ya njia ya reli, mpaka nusu ya pipa ikakaa sawa na alama. Kingo zilikuwa kali kama wembe, kwa hiyo Omolo aliupasua mpira wa maji uliozeeka, akauvalisha ukingoni. Kokoto chini, kisha udongo wa mtaroni, kisha samadi iliyoletwa na watoto kwa makarai, wakigombana nani amebeba nyingi.

"Hili ni shamba au ni kitanda cha bwana mkubwa?" Omolo aliuliza.

"Ni shamba langu," Akelo alisema. "Na wewe ukitaka kulima uniombe."

Lakini asubuhi yake alipofikishwa pale na kusimamishwa, alibaki ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, ameinama, kidevu juu ya mpira, anautazama udongo.

"Nitapanda na pua?"

Watoto walicheka. Nabalayo hakucheka. Alisimama akitazama ile mikono. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akafungua leso yake, akaizungusha kiunoni mwa mtoto, akaipitisha kwenye matundu mawili yaliyoachwa na patasi karibu na ukingo wa pipa, akaifunga. Akelo aliachilia mkono mmoja. Akangoja. Akaachilia wa pili. Aliviinua viganja vyake mbele ya uso akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Mama Nabalayo," alisema, "sasa mimi ni ng'ombe wa kukamuliwa."

Ni hapo Nabalayo alipocheka. Na ni hapo Milcah alipotokea na ndoo yake.

Mvua ilipozidi Nabalayo alitaka kumtoa. Akelo alikataa. "Wenzangu wote wanaloa," alisema, "kwa nini mimi peke yangu nikauke?" Basi Nabalayo akaenda kukaa mlangoni, mikono mapajani, akamwacha aloe.

Maharagwe yalikuwa yametoa majani mawili mawili siku mama mkwe alipofika.

Alikuja na treni ya asubuhi, mwanamke mrefu, mkavu, aliyewahi kuuza vyungu soko la Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko sokoni. Akelo alimwita Dani, kama watoto wa Kijaluo wanavyowaita bibi zao, na laini nzima ikamwita hivyo. Alikuwa na kikapu kikubwa. Kilikuwa kitupu. Alikiweka mbele ya mlango wa mwanawe na hakuingia ndani.

"Nyar Kimilili," alisema. Binti wa Kimilili. Hakuwahi kumwita Nabalayo kwa jina jingine. "Unaona hii kikapu? Kesho itarudi na nguo ya Akelo."

"Mama, pumzika kwanza," Owino alisema.

"Nitapumzika kwangu. Mtoto ya mtu haifungwi kama mbuzi. Hata kama mama yake iko kwa kaburi."

Akelo, aliyekuwa kwenye gunia lake, aliita, "Dani, njoo uone shamba langu!" na yule bibi akazunguka nyuma ya jikoni kwenda kuona hilo gereza.

Aliliona pipa. Aliona leso imetundikwa. Kisha akayaona maharagwe, na uso wake ukabadilika kabisa, kama mtu aliyekuja kumtembelea mgonjwa akakuta matanga.

"Nani amepanda hii?"

"Mimi!" alisema Akelo kutoka mgongoni mwa baba yake.

"Na mimi nimepanda?"

Owino alijifunika mdomo kwa kiganja. Nabalayo alimtazama mumewe, na mumewe akamweleza kwa sauti ya chini, maneno yakitoka moja moja. Kwao mama wa boma ndiye anayeanza kupanda. Akishatia mbegu yake, wake za wanawe wanafuata, mkubwa kisha mdogo, kila mmoja kwa zamu yake. Hakuna mkono unaomtangulia mama. Ukimtangulia, unaiharibu nyumba nzima.

"Na sijapanda," Dani alisema. Alipiga fundo la kitambaa lililokuwa kiunoni mwake. "Mvua ilichelewa kwetu. Ilipokuja, hii maneno ya mtoto ikakuja na yeye. Mbegu yangu iko hapa. Nimetembea nayo ili mtu asiniibie zamu. Wake za ndugu zako wamekaa na majembe wananingoja. Na huku, huyu ameshapanda!"

"Mama, hapa ni mjini," Owino alijitahidi. "Hili ni pipa."

"Pipa haina mchanga?"

"Lina."

"Mchanga haina mbegu?"

"Una, Mama."

"Basi haina nini?"

Owino alitazama viatu vyake.

"Mama, sikujua," Nabalayo alisema.

"Ndiyo," Dani alisema, na safari hii hakukuwa na ukali, na ndiyo maana ilichoma zaidi. "Hujui. Ndiyo maana nachukua mtoto. Iende ikae na watu wanajua. Na hiyo maharagwe asubuhi itang'olewa."

Akelo alijinyoosha kutoka mgongoni mwa baba yake mpaka akaufikia ukingo wa pipa, akaukumbatia. Hakulia. Alimtazama bibi yake tu, na bibi akawa wa kwanza kugeuza macho.

Kwa mila ya Wajaluo mama hawezi kulala kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa, hilo Nabalayo alikuwa analijua, na chumba chao kilikuwa kimoja. Kwa hiyo Dani alichukua shuka lake akaenda kulala kwa Milcah. Kwa Milcah, kati ya watu wote! Nabalayo alisikia sauti zao zikiendelea ng'ambo ya ukuta huku yeye anakunja nguo za Akelo. Hazikuwa nyingi. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

"Dani ana pipa?" Akelo aliuliza.

"Hana."

"Basi nitakaa wapi?"

"Atakutandikia mkeka."

"Kila siku?"

Nabalayo aliweka sketi juu ya blauzi. "Lala, Akelo."

Asubuhi Owino alienda zamu. Manyunyu yalikuwa yanashuka, mepesi, na watoto wakaja mlangoni kumwita Akelo kama kila siku, wawili wa mbele wakiwa watoto wa Milcah mwenyewe. Nabalayo alimvisha vyuma, akambeba mpaka nyuma ya jikoni. Alijua kwamba mlango wa Milcah unatazama pale pale. Alijua ni nani amesimama ndani yake na kikombe cha chai. Leso ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kusema leo hapana. Angeweza kumkalisha kwenye gunia, mikono mapajani, mtoto mkavu, msafi, asiyefungwa na mtu.

Aliizungusha leso, akaifunga. Kisha akaenda kukaa.

"Ouma!" Akelo alianza. Ouma alikuwa kifungua mimba wa Milcah. "Hiyo si magugu! Hiyo ni haragwe, macho yako yako wapi?"

"Zinafanana."

"Zinafanana na nani? Wewe ng'oa ile ya huku, yenye nywele. Polepole! Si unyoe, ng'oa."

"Akelo, na mimi nishike maji?" aliuliza yule mdogo wake.

"Wewe jana ulimwaga. Leo utashika konokono."

Mikono ya Akelo ilikuwa imezama kwenye udongo. Aliupapasa mche mmoja mmoja, akiukandamiza shinani kwa vidole viwili, na kila alipofika mwisho wa mkono wake, mtoto mmoja alimsogeza hatua ndogo bila kuambiwa, kiatu kile kizito, halafu kingine. Mlangoni kwa Milcah kikombe kilikuwa hakijanyanyuliwa. Milcah alisema kitu nyuma ya bega la mgeni wake. Mgeni hakugeuka.

Halafu leso, iliyokuwa imelowa, ikateleza.

Akelo alishuka kama gunia. Vyuma vikalia kwenye mataruma. Nabalayo aliinuka nusu, kisha akajizuia, akakaa tena, kucha zimezama kwenye mapaja. Hilo alikuwa amejifunza kwa kutazama tu: ukimshika akiwa anaanguka, mwili wote unakakamaa, anaumia. Ukimwacha, anajua mwenyewe la kufanya.

Lakini Dani hakujua. Alikuja mbio, kikombe kimeanguka huko nyuma, miguu mitupu inapiga maji, mikono imenyooshwa mbele.

"Usinishike, Dani!" Akelo alipiga kelele. "Usinishike. Naangukaga hivi kila siku."

Yule bibi akasimama, mikono hewani. Akelo aliweka kiwiko juu ya mpira wa ukingo. Akapumua. Akaweka cha pili. Aliusukuma mguu mmoja mpaka chuma kikanyooka, akajivuta, akausukuma wa pili, uso umekunjamana, ulimi nje. Ouma alishika leso tayari, lakini hakumgusa. Watoto wote walikuwa wanajua. Akelo alisimama. Tope lilikuwa limempaka mpaka sikioni.

"Umeona?" alimwambia bibi yake, akihema.

Dani aliishusha mikono yake polepole. Aliinyakua leso kwa Ouma, akaitazama.

"Nani anafunga hii fundo?"

"Mimi, Mama," Nabalayo alisema. Alikuwa ameshafika.

"Hii ni fundo ya kubeba mtoto mgongoni. Ikilowa, inateleza." Aliizungusha kiunoni mwa mjukuu wake, akaisokota mara mbili, akapitisha ncha chini yake yenyewe, akavuta. "Hivi ndiyo nilifunga chungu kwa kichwa, kutoka nyumbani mpaka Kisumu. Hata moja haikuanguka. Tazama. Hapa chini, halafu juu."

Nabalayo alitazama.

"Mimi ni chungu?" Akelo aliuliza.

"Nyamaza, chungu."

Akelo aliachilia mikono. Fundo lilishika. Alimtazama bibi yake kwa pembe ya jicho, kisha akaonyesha mwisho wa pipa ambako udongo ulikuwa mtupu.

"Dani, pale nilikuachia wewe."

Yule bibi alitazama pale penye udongo mtupu, halafu akamtazama Nabalayo. "Ni kweli?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Akelo alikuwa amemkazia macho kabisa, anamwomba akubali.

"Hapana, Mama," Nabalayo alisema. "Mbegu hazikutosha. Wadudu walikula."

Manyunyu yaligonga pipa. Akelo alishusha kichwa. Taya za Dani zilitembea kama anatafuna kitu.

"Hii mtoto ni mwongo," alisema mwishowe. "Lakini inajua nani mkubwa. Na wewe, Nyar Kimilili, hujui kitu, lakini si mwongo." Alifungua fundo la kitambaa kiunoni. Ndani yake kulikuwa na mtama mwekundu, safi, umechaguliwa punje kwa punje.

Alipanda kwenye udongo ule mtupu. Akelo alichimba mashimo kwa kidole, bibi akatia punje, Akelo akafunika. Walipomaliza, Dani aliung'oa mche mmoja wa haragwe uliokuwa karibu, kwa upole, na udongo wake, akaupanda tena nyuma ya mtama, akaukandamiza kwa kidole gumba.

"Sasa imenifuata," alisema.

"Na haya mengine?" Akelo aliuliza.

"Hiyo ni ndugu zake. Itafuata yeye."

Kama huko Ahero wangelikubali hilo, Nabalayo hakujua, wala hakuuliza. Kutoka mlangoni pake Milcah aliwaita wanawe waje wanywe chai. Hawakwenda.

Kutoka stesheni injini ilipiga honi ndefu. Treni ya Kisumu haikuwa mbali tena. Kikapu kilikuwa mbele ya mlango, pale kilipowekwa jana, na ndani yake mlikuwa na sketi na blauzi na fulana ya baridi, zimekunjwa vizuri kabisa. Nabalayo aliyapanga maneno yake. Aliyapima kama alivyozoea, akayaona ni machache, akayasema hivyo hivyo.

"Mama, mtama huu ni wako. Niachie Akelo auchunge mpaka uvunwe."

Dani alikuwa ameshika ncha ya leso. Aliivuta kidogo, akaiachia, akaivuta tena, anajaribu kama fundo limeshika. Akelo alikuwa anamwambia Ouma alete maji, ila asimwage kama mdogo wake. Mvua ilikuwa inaongezeka, nayo ilimlowesha yule bibi kichwani na mabegani, wala hakutafuta pa kujikinga, wala hakugeuka kukitazama kikapu.

Nabalayo alisimama kando ya pipa, akawa anaitazama ile mikono kwenye leso, akingoja.